Mkanyaga Pedali si Nahodha

Katika baadhi ya miji ya Marekani iliyo kando ya maji, hasa katika jimbo la Florida ambako joto halikatiki karibu mwaka mzima, kumezuka namna ya matembezi ambayo yafaa itazamwe kwa makini na sisi wenye bahari yetu na visiwa vyetu. Kikundi cha marafiki, aghalabu wanaosherehekea siku ya kuzaliwa au harusi iliyokaribia, hukodi chombo kipana chenye paa, muziki na meza ndefu mfano wa kaunta ya baa. Kandokando ya meza hiyo hupangwa viti vya baiskeli, na chini ya kila kiti pana pedali. Abiria huketi, hushika vinywaji vyao na kuanza kukanyaga. Pedali hizo huzungusha gurudumu la makasia, na chombo hujikokota polepole hadi kwenye kisiwa au fungu la mchanga. Huko watu hushuka, huogelea, hula na kucheza, kisha hupanda tena na kukanyaga kurudi walikotoka.

Chombo hiki kina nasaba yake. Mzee wake ni baiskeli ya baa iliyoanza kutembea katika barabara za Uholanzi mwaka 1997, meza ikiwa katikati na wanywaji wakikanyaga huku na huku. Wazo hilo lilienea Ulaya, likavuka bahari, na hatimaye likaingia majini. Mimi sina ugomvi na wanaolifurahia. Binadamu ana haki ya kupunga upepo. Na ikiwa mtu aliyeshinda ofisini wiki nzima huona raha kulipia kazi ya miguu ambayo mwendeshaji wa boda boda ya baiskeli pale mpakani Busia alilipwa ili aifanye, hilo ni fumbo ninalowaachia wenzangu wa idara ya uchumi.

Lililonivutia ni jambo la kiufundi. Mtu wa kawaida, asiye mwanamichezo, anaweza kukanyaga kwa muda mrefu akitoa nguvu ya wati 75 hivi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Yaani watu 10 wenye bidii, wakikanyaga kwa pamoja bila hata mmoja kupumzika ili ameze funda, hutoa nguvu ya farasi mmoja tu. Mashine ndogo ya kufungwa nyuma ya mashua, ile ya nguvu 15, huwashinda mara 15. Upepo ukigeuka au mkondo ukikaza, miguu hiyo 20 haifui dafu. Kwa sababu hiyo vyombo vingi vya aina hii huwa na injini iliyofichwa isiwaharibie wageni hamu yao, na usukani hushikwa na nahodha mwenye leseni ambaye hakanyagi chochote. Abiria hutoka jasho la kweli na kupiga vifijo vya kweli, wakaamini kwamba wao ndio waliokifikisha chombo kisiwani, ilhali njia, mwendo na saa ya kurudi vilikwisha kuamuliwa na wengine.

Sasa tukilete chombo hiki kwetu, japo kwa mawazo. Tangu treni mpya ya Nairobi na Mombasa ilipoanza safari mwaka 2017, wageni wa pwani si Wazungu peke yao tena. Familia kutoka bara, vyama vya wafanyakazi na shule zenye uwezo huteremka kwa wingi wakati wa likizo, na wengi wao hutaka kutembezwa baharini. Mwekezaji mwenye akili hatachelewa kuona soko hapo. Na kwa kuwa karamu ya baharini haikamiliki bila kisiwa cha kushukia, chombo chake kitahitaji Wasini, Manda, Funzi, au mojawapo ya mafungu ya mchanga yanayochomoza maji yakitoka.

Kiswahili kina neno la zamani la matembezi ya namna hii, nalo ni mandari. Sikio litasikia ndani yake mwangwi wa mandhari, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa mandari ni kwenda mahali pa kupendeza pamoja na chakula, mkeka na jamaa, mkapika, mkala na kurudi jua likielekea kutua. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya neno hilo, wawili tu kati ya darasa zima walilijua, na wote wawili walikuwa wenyeji wa Mombasa. Waliobaki walikuwa na neno pati. Silii kwa kuwa neno limekuja kutoka nje. Bandari, meza, baiskeli na hata nahodha yalikuja vivyo hivyo. Tofauti iliyo muhimu ni kwamba aendaye mandari huenda kwa watu. Huomba njia shambani, hununua madafu kwa mwenye minazi, na hujua kijiji kile kina msikiti na saa zake. Pati hutafuta mahali pasipo na mtu, na ikimkuta mtu humfanya awe sehemu ya mapambo.

Bali visiwa vyetu vina watu. Wasini ni kisiwa kisicho na magari, chenye magofu ya kale na bustani ya matumbawe iliyoinuka juu ya nchi kavu, na kikundi cha wanawake wa hapo kimejenga daraja la mbao la kuipitia na hutoza wageni kiingilio. Mbele yake, baharini, ipo Mbuga ya Bahari ya Kisite, iliyotengwa katika miaka ya 1970. Ndani ya mbuga hiyo uvuvi umepigwa marufuku, na katika hifadhi jirani ya Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Mvuvi wa Shimoni amekwisha kuambiwa kwamba maji ambayo babu yake alitupa nyavu sasa ni ya kutazamwa. Alikubali, au alikubalishwa, kwa ahadi kwamba watazamaji wataacha chochote kijijini. Basi chombo kitakapopita kikiwa na vinywaji vyake, chakula chake na muziki wake kutoka Mombasa au Diani, kikatia nanga mchangani kwa saa tatu kisha kikaondoka, hesabu ya kilichoachwa ni jambo zito. Isije ikawa ni chupa na makopo.

Kuna atakayesema kwamba ufuo ni mali ya hoteli, au ya kaunti, au ya mwenye kiwanja kinachopakana nao. Hapo ndipo mwanaisimu anapoomba ruhusa ya kusema neno. Kitenzi kupwa maana yake ni maji kutoka, kinyume cha kujaa. Ukikitia kiambishi cha mahali unapata pwani, yaani pale panapopwa, mahali ambapo bahari hufunika na kufunua mara mbili kwa siku. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeorodhesha ardhi ya umma, na miongoni mwake ni ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Tazama ajabu hiyo! Wanasheria wametumia maneno mengi kueleza kile ambacho mzee wa Vanga hukitaja kwa neno moja. Pwani, kwa maana yake ya asili, ni mali ya umma kisheria. Si ya mwenye hoteli wala ya mwenye chombo cha karamu.

Lakini mali ya umma husimamiwa na nani? Watu wa Amsterdam waliulizana swali hilo hilo kuhusu baiskeli za baa. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi juu ya kelele, msongamano na wanywaji waliokojoa vichochoroni. Wenye biashara walikwenda mahakamani kutetea riziki yao, lakini hatimaye mwaka 2017 baiskeli hizo zilipigwa marufuku katikati ya mji. Kelele za wakazi zilifika kwenye usukani.

Katika kisiwa cha Boracay kule Ufilipino mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kisiwa hicho kidogo, maarufu kwa mchanga mweupe na karamu za ufuoni, kiliachwa kijae wageni na majengo hadi maji machafu yakawa yanamiminwa baharini. Aprili 2018 Rais Rodrigo Duterte aliamuru kifungwe kwa watalii, na kikafungwa kwa miezi 6. Kilipofunguliwa Oktoba mwaka huo, unywaji wa pombe na uvutaji wa sigara ufuoni ulikuwa umekatazwa. Bahari ilipata nafuu, hilo silikatai. Hata hivyo, waliokula hasara ya kwanza ni waliokuwa wakifua mashuka, kuchoma samaki na kuendesha mashua, watu ambao hawakuulizwa kisiwa kilipofunguliwa kwa karamu wala hawakuulizwa kilipofungwa.

Sisi Wakenya tuna jina zuri la dawa ya ugonjwa huu. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na tangu hapo hakuna mradi unaoanza bila hema kusimamishwa, viti vya plastiki kupangwa, soda kugawanywa na karatasi ya kutia sahihi kupitishwa. Wananchi huja, husema, na hata hukasirika. Wanakanyaga. Mara nyingi, ole wao, injini ilikuwa imewashwa tangu alfajiri.

Anayedhani natia chumvi na aitazame Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba katika mradi wa bandari mpya haki za wenyeji zilikiukwa, ikiwamo haki ya kushirikishwa ipasavyo, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huko huko. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini mikutano hiyo ilitangulia uchunguzi wenyewe, na ripoti ilipokamilika wananchi hawakurudiwa ili waambiwe imesema nini na wao waseme lao. Ni kama abiria aliyeitwa kukanyaga kabla hajaambiwa kisiwa anachopelekwa.

Wapo wanaojitetea kwa methali isemayo kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wanasema kila mvuvi akipewa sauti hakuna mradi utakaotia nanga. Methali hiyo ni ya kweli, ila wanaitumia vibaya. Yeyote aliyesafiri katika jahazi anajua kwamba nahodha ni mmoja, lakini kuna serehangi, kuna mtu wa kuangalia miamba gubetini na kuna anayefuta maji katika ngama, na sauti ya yule wa gubetini ikisema mwamba, nahodha hugeuza bila mjadala. Mwenyeji wa Wasini ndiye yule wa gubetini. Anajua mkondo baina ya kisiwa na Shimoni hukaza saa ngapi wakati wa bamvua, na anajua miezi ya kusi ambayo chombo kipana chenye paa hakina kazi huko nje.

Nimesema neno bamvua, na hilo linanirudisha kwenye fani yangu, na kwenye jambo ambalo walimu na wanafunzi wanaweza kulishika. Ripoti za athari za miradi ya pwani, ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 imezilazimisha, huandikwa kwa Kiingereza kizito kwa mamia ya kurasa. Kinachofika kijijini ni muhtasari, na muhtasari huo, ukitafsiriwa, hutafsiriwa na mtu wa mbali na bahari. Utasoma humo habari za eneo baina ya mawimbi ya juu na mawimbi ya chini, na msomaji wa Vanga atajiuliza ni wapi huko, asijue kuwa anazungumziwa pwani yake anayochokoa pweza kila maji yakitoka. Bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, mlango, fungu, mwamba, kilindi: istilahi zote zipo, zimekomaa kuliko za vitabu, na hazimo katika karatasi ambazo wenye istilahi hizo huombwa kuzitia sahihi. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mwananchi asiyeweza kusoma ripoti atashiriki kwa miguu tu.

Walimu wa Kiswahili wa Kwale, Kilifi na Lamu wanayo kazi hapa ambayo haisubiri mtaala mpya. Darasa moja la kidato cha tatu likipewa kurasa 10 za ripoti ya namna hiyo na kutumwa kwa wazee kuuliza majina ya mahali na ya maji, litarudi na tafsiri ambayo hakuna mshauri wa Nairobi awezaye kuiandika. Nimeona wanafunzi wa chuo wakifanya zoezi kama hilo kwa majina ya vyombo, na ugomvi wao juu ya tofauti ya dau na mashua ulidumu muhula mzima.

Na siku maombi ya leseni ya chombo cha pedali yatakapobandikwa ukutani katika ofisi ya kaunti, tayari kuna maswali ya kuulizwa. Kitafunga kwenye gati ya nani, na ada italipwa kwa nani? Manahodha watatoka wapi? Chakula kitanunuliwa kisiwani au kitabebwa kutoka mjini? Muziki utazimwa wapi? Taka zitarudi na chombo au zitabaki? Na karatasi yenyewe pale ukutani, imeandikwa kwa lugha gani?