Njano ya Jikoni Haiuzwi Dukani

Tuanze kwa kuuliza: nani aliwaambia watu wa Kolwezi kama jiko la njano ni jambo la kisasa? Siku hizi nyumba ikijengwa, hata ya vyumba viwili tu, mwenye nyumba anataka jiko lipakwe rangi ya kopo inayong'aa kama kiini cha yai. Ukimkumbusha kwamba bankambo nao walipaka njano, tena ya udongo, anakucheka: « Ile ni mambo ya mu mugini! » Sisi tunasema hapana. Mwenye kusema vile hajui mali aliyoachiwa.

Mama wa zamani hakuwa na njano moja. Udongo wenye chuma kilichoshika kutu ndio ulimpa njano. Akiuchanganya na pemba, ile nyeupe, unapauka kama unga wa mahindi. Akiuchoma motoni, unageuka rangi ya machungwa, kisha unakuwa mwekundu kabisa. Makala ilimpa nyeusi ya mistari. Udongo ule ulianikwa, ukatwangwa, ukachekechwa, ukalowekwa, ukapakwa kwa mkono. Mvua ikiuosha, kazi inaanza upya, na binti anajifunza pembeni ya mama yake. Hakuna aliyelipa franka moja.

Na tusiseme eti ni kazi ya watu wasiojua kitu. Mwaka 1926, kule Bukama, kwenye mto wetu huu huu wa Lualaba, Mbelgiji mmoja anayeitwa Georges Thiry alishangaa kuona kuta za nyumba zilizochorwa. Akampa karatasi na rangi Albert Lubaki, na mke wake Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 michoro ya Lubaki ilionyeshwa Bruxelles. Wageni walitazama kile tunachokionea haya leo.

Haya hii ilitoka wapi? Tuseme ukweli: ilitoka mu kampi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, ziliwapa wafanyakazi nyumba za matofali. Wake zao waliitwa kwenye foyer kujifunza kushona, kupika na kutunza nyumba. Hatukatai, mengi yalikuwa mazuri. Lakini pamoja na sindano tulipokea wazo moja baya: kwamba kitu cha dukani ni usafi na kitu cha udongo ni uchafu.

Sasa tuangalie huo usafi wa dukani. Kuna rangi za mafuta, zaidi za njano na nyekundu, zinazotengenezwa kwa madini ya risasi, ile tunayoita plombi. Rangi ikizeeka inabanduka, inakuwa vumbi, na mtoto anayetambaa jikoni anailamba kwenye vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Basi mama analipa pesa ili alete ndani ya jiko kitu kinachoharibu akili ya mtoto wake. Maendeleo gani hayo?

Lakini tuna ugomvi pia na ndugu zetu wa upande mwingine, wale wanaosimama kwenye sherehe na kupiga kelele: « Turudie udongo wa bankambo! » Sawa, udongo gani? Wa kutoka wapi? Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini anayefuata asili akiwa amefumba macho ni kipofu tu. Hapa Kolwezi, mwaka 2014, watu wa Kasulo walipojua kama kuna madini chini ya viwanja vyao, walichimba mpaka ndani ya nyumba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walitangaza walichopima pale: kobalti nyingi katika damu na mkojo wa watu, na watoto ndio waliozidi. Hata vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti na urani. Je, udongo wa pale tuupake ukutani, juu ya sufuria ya bukari? Na msidanganyike na rangi. Katika nchi yetu kuna mawe ya urani yenye njano nzuri kuliko udongo wowote. Jicho halioni sumu, na moto hauitoi.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Asili yenyewe si ile njano. Asili ni kujua. Nkambo hakuokota udongo popote: alijua ni kando ya kijito gani, chini ya kichuguu gani, na pa kuacha ni wapi. Tukipoteza kujua kule, tutabaki na rangi tu, ya kopo au ya shimo, na zote mbili zinaweza kutuua.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Wazee, na hasa bamama wazee, watutajie mahali pa udongo mzuri kabla hawajaondoka, na vijana waandike. Udongo wa karibu na mashimo, na mchanga wa mabaki ya viwanda, usiingie jikoni hata kama unapendeza. Anayenunua kopo aulize kwanza kama lina risasi. Na rangi ya zamani inayobanduka isiparuzwe ikiwa kavu, iloweshwe, na watoto wawe mbali. Tena machifu, wakati wanapotia saini kwenye karatasi za kampuni, wakumbuke kama chini ya ardhi hakuna shaba tu. Kuna pia rangi ya majiko yetu.

Ardhi ikiisha kuuzwa yote, mabinti zetu watachota wapi?