Akisoma hadithi, usimgeuzie mtihani

Katika nyumba nyingi neno "kasome" hutamkwa kwa sauti ileile ya "kaoshe vyombo". Mtoto amechelewa kurudi kucheza, anaambiwa akasome. Amegombana na mdogo wake, anaambiwa akasome. Kisha tunashangaa kwa nini akishafunga daftari la shule hataki tena kuona kitabu.

Mzazi mwenzangu, kujua kusoma na kupenda kusoma ni vitu viwili. Kujua kusoma hufundishwa darasani. Ndiyo kazi ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, katika madarasa ya mwanzo. Kupenda kusoma huja pale mtoto anapokutana na hadithi inayomfanya atake kujua nini kitafuata.

Kinachoua hamu hiyo mara nyingi ni maswali. Shuleni, habari ikisomwa hufuata maswali ya ufahamu, na ni sawa, kwa sababu mwalimu lazima apime. Lakini nyumbani nako mtoto akimaliza kurasa mbili tunamdaka: "Umejifunza nini? Nitajie wahusika." Raha inaishia hapo. Muulize kama unavyomuuliza rafiki aliyetoka kuangalia filamu: "Ehe, ikawaje?" Asipotaka kusimulia, mwache. Akitaka kurudia kitabu kilekile mara ya tano, mwache. Kikimchosha katikati, akiweke kando achukue kingine. Hata sisi wakubwa hufanya hivyo.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mzazi anayelipa ada ya shule ya Kiingereza huona kitabu cha Kiswahili ni kupoteza muda. Lakini mtoto hucheka vituko vya Abunuwasi kwa lugha anayoielewa bila kutafsiri. Na yule wa shule ya serikali, anayesoma kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, atakutana na vitabu vya Kiingereza kidato cha kwanza. Kama amezoea kukaa na kitabu nusu saa bila kusukumwa, ataingia na akiba. Kama hajazoea, atapambana na lugha ngeni na uvivu wa kusoma kwa wakati mmoja.

"Vitabu ni ghali," utasema. Ni kweli, lakini njia zipo. Majirani watatu wakinunua kitabu kimoja kila mmoja na kubadilishana, kila nyumba imepata vitatu. Ukiwa mjini, ulizia maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na katika simu hiyohiyo unayosomea makala haya, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, bila malipo. Zipakue ukiwa na bando, mtazisoma hata likiisha.

Huna muda? Dakika 10 kabla ya kulala zinatosha. Soma kwa sauti, iga sauti ya fisi, iga ya sungura. Kama wewe mwenyewe kusoma kunakupa shida, mwambie mtoto akusomee wewe, au amsomee mdogo wake. Anayesitasita mbele ya darasa huwa hodari mbele ya mdogo wake, kwa kuwa hapo hakuna wa kumcheka.

Usiishie nyumbani. Zipo shule ambazo vitabu vya hadithi hufungiwa kabatini visichanike. Kwenye kikao cha wazazi, ombeni vitolewe, darasa liwe na kona ya kusoma, na mwalimu apate kipindi kimoja kwa wiki cha kuwasomea watoto hadithi bila maswali mwishoni. Wazazi mjitolee gundi na karatasi za kujaladia. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilicho kipya kabatini bado hakijaanza.

Udongo uwahi ungali maji. Usiku wa leo usimwambie mtoto "kasome". Mwambie "njoo tusome", kisha ukae naye.