Afya Nyumbani: Macho Yanayowaka Bila Kuambukizwa



Si kila jicho jekundu limeambukizwa. Yako maradhi ya ngozi yaitwayo rosasea, yatiayo wekundu na vipele mashavuni na puani, hasa kwa watu waliopita miaka 30. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, na pengine macho ndiyo hutangulia kutoa habari.

Dalili zake ni hizi: macho huwaka kana kwamba yameingiwa na mchanga; kope huvimba na kufanya magamba kwenye mashina; chokea hurudi mara kwa mara; mwangaza huumiza. Mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu, basi asitengwe.

Matunzo huanzia nyumbani. Nawa mikono, chovya kitambaa safi katika maji ya vuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha pangusa kope taratibu. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Jikinge na jua kali na moshi.

Daktari aweza kukupa vidonge vya doksisaiklini kwa majuma kadhaa; mjulishe kama u mjamzito, kwani hapo havifai. Usijinunulie matone yenye steroidi: hutuliza leo, lakini yaweza kuzidisha shinikizo ndani ya jicho na kukupofusha.

Maradhi haya hutulizwa, hayang'oki upesi. Lakini jicho likiuma sana, au ukiona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda cha jicho hakingoji kesho.