Kiolezo Kipya na Tasnifu ya Zamani: Maoni

Neno kiolezo lilipoingizwa katika istilahi za kompyuta lilikuja na maana yake ya kale. Mshoni hukata kitambaa kwa kufuata kiolezo. Akikibadilisha kesho, nguo iliyokwisha kushonwa haibadiliki. Hata hivyo, wanaochapa tasnifu zao aghalabu hudhani kwamba katika kompyuta mambo ni kinyume, yaani kwamba kiolezo kikirekebishwa, nyaraka zote zilizotokana nacho hurekebika zenyewe. Dhana hii si sahihi, na imewapotezea wanafunzi wetu muda mwingi.

Katika programu ya Microsoft Word, waraka unapoanzishwa hunakili kutoka katika kiolezo mitindo, pambizo, vijajuu vya kurasa na maandishi yaliyomo. Baada ya hapo waraka hujitegemea. Kinachobaki ni kumbukumbu tu ya jina la kiolezo na mahali kilipohifadhiwa. Ipo njia ya kuuagiza waraka usasishe mitindo yake kila ufunguliwapo, lakini agizo hilo hugusa mitindo peke yake: pambizo, vijajuu na matini ya ukurasa wa jina hubaki vilevile. Tena waraka ukihamishiwa kompyuta isiyoweza kukifikia kiolezo, mitindo haisasishwi. LibreOffice Writer humwuliza mtumiaji, naye akichagua mitindo ya zamani haulizwi tena. Wanaotumia LaTeX wana nafuu, kwa kuwa faili la kanuni za muundo husomwa upya kila matini inapoandaliwa. Mabadiliko hufika papo hapo, pamoja na makosa yake.

Tuchukue mfano wa tasnifu moja ya leksikografia tuliyoisimamia. Sura tatu zilikuwa zimekamilika pale ofisi inayohusika ilipotoa kiolezo kipya. Katika kiolezo hicho mitindo ilikuwa imepewa majina mapya. Word hulinganisha mitindo kwa majina. Kwa hiyo ile ya zamani ilibaki kama ilivyokuwa, nayo mipya ikaingia katika waraka bila aya hata moja ya kuitawala. Mbaya zaidi, mwanafunzi alikuwa amekoza vidahizo vyote kwa mkono, na kuweka italiki kwa mkono katika sentensi za mifano. Italiki hizohizo alizitumia kwa majina ya kisayansi ya mimea. Alipotakiwa mifano iwe katika herufi za kawaida na majina ya mimea yabaki katika italiki, kompyuta haikuweza kuitofautisha, maana kwake zote zilikuwa herufi zilizolala. Ilibidi apitie ingizo moja baada ya jingine. Laiti angalikuwa na mitindo iitwayo Kidahizo, Fasili, Mfano na Jina la Kisayansi, kazi hiyo ingalifanyika mahali pamoja tu.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mwanafunzi. Ni lake kwa sehemu ndogo. Sisi tunaomfundisha mofolojia na semantiki hatukumfundisha kutenganisha dhima ya maandishi na sura yake, ilhali utengano huo haupaswi kuwa mgeni kwa mwanaisimu. Kwa maoni yetu, kiolezo kibebe mwaka wake; majina ya mitindo yasibadilishwe hata sura ikibadilishwa; na aliyeanza na kiolezo kimoja aruhusiwe kumalizia nacho. Ofisi ikiona lazima kubadili majina, basi yenyewe ndiyo ibebe kazi ya kuzihamisha tasnifu zilizo njiani.

Idara za Kiswahili zina haja zaidi, kwani matini zetu zina maumbo ambayo violezo vya jumla havikuyafikiria. Mashairi ni mfano ulio wazi. Wengi hutenga ukwapi na utao kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kadhaa. Fonti ikibadilika, vina vya kati vilivyokuwa vimepangana wima huyumba, na ubeti huonekana kama umetungwa na asiyejua kupima mizani. Mtindo wa Ubeti wenye kituo maalumu cha kichupo ungeondoa adha hiyo.

Jambo la mwisho ni lugha. Mtindo hubeba pia lugha ya matini, na kiolezo kilichoandaliwa kwa Kiingereza huichukulia kila aya yetu kuwa Kiingereza kilichokosewa. Mistari myekundu ni kero tu. Kinachotutia wasiwasi ni masahihisho ya kimyakimya: ‘Nyumba i wapi?’ huweza kugeuka ‘Nyumba I wapi?’, kwa sababu programu huidhani i inayosimama peke yake kuwa kiwakilishi cha nafsi ya kwanza cha Kiingereza. Kiolezo kikirekebishwa leo na lugha ikawekwa Kiswahili, mistari myekundu huenda ikapungua katika nyaraka zitakazosasishwa. Herufi kubwa zilizokwisha kuingia zitabaki palepale, na itambidi msimamizi azisake kwa macho yake.