KODI YA MWAKA MZIMA: MLANGO WA RIBA TUNAOUFUNGUA KWA MIKONO YETU



Umezuka katika miji yetu mtindo uliozoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeuhoji. Kijana atokaye Matombo, Kinole au Mgeta, akishahitimu masomo na kupata ajira Dar es Salaam, hatafuti nyumba ya kumsitiri, bali fleti itakayozungumzwa na wenzake: Masaki, Oysterbay au Mikocheni, yenye lifti, kiyoyozi, jenereta na bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba naye anamsubiri na sharti lake: kodi ya mwaka mzima itolewe kwa mkupuo, la sivyo ufunguo haupati.

Tusisingiziwe. Hatusemi kwamba nyumba nzuri ni haramu, makazi yenye nafasi ni katika neema za Allah (s.w.). Wala hatusemi kwamba kutanguliza kodi ni haramu. Mafakihi wameruhusu ujira wa ijara utangulizwe pande mbili zikiridhiana. Tunachokihoji ni hiyo ridhaa yenyewe. Je, mtu ambaye kila mlango anaobisha anaambiwa neno lile lile ameridhia, au amesalimu amri?

Tuchukue mfano. Fleti ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Ongeza amana ya mwezi mmoja na ujira wa dalali wa mwezi mmoja, jumla inafika 8,400,000. Mfanyakazi huyu analipwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Akiba yake ni 2,400,000. Je, hizo 6,000,000 zilizobaki atazitoa wapi? Atakwenda kwa mkopeshaji. Akitozwa riba ya asilimia 5 ya mkopo kila mwezi, kwa mwaka atalipa riba ya 3,600,000. Basi kodi yake ya kweli si 600,000 kwa mwezi bali 900,000, na theluthi moja ya kiasi hicho ni riba tupu. Wapo wanaoangukia mikopo ya mitaani, ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na hiyo ni mibaya kuliko mfano wetu.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Mwenye nyumba, aliyeswali safu ya mbele, hakula riba. Lakini ameweka sharti ambalo mpangaji wa kawaida hawezi kulitimiza ila kwa kupitia riba, naye analijua hilo. Atasema mikono yake ni safi?

Tena kuna dhuluma nyingine iliyojificha ndani yake. Kodi ni badala ya manfaa ya kukaa. Mpangaji akihamishwa kikazi mwezi wa nne, au akifariki, miezi minane iliyobaki ni ya nani? Mara nyingi familia huambiwa kwamba fedha hairudi, na mwezi huo huo nyumba hupangishwa kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba anachukua kodi mara mbili kwa manfaa yale yale. Hiyo ndiyo biashara tuliyofundishwa?

Wenye nyumba wana utetezi wao, na insafu inatutaka tuusikilize. Husema: tumejenga kwa jasho letu, na wapangaji wengine hutoroka usiku na deni. Ni kweli wapo. Lakini dawa ya mtoro ni mkataba ulioandikwa, shahidi, mdhamini na amana ya mwezi mmoja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandika madeni. Sisi tumeiacha dawa hiyo na kuchagua kuwaadhibu waaminifu kwa makosa ya watoro.

Wala tusitegemee kwamba Serikali itatufanyia kila kitu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza kutaja na kupokea bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyoainishwa, na hilo ni jema kwa mpangaji aliyekuwa akidaiwa dola huku akilipwa shilingi. Lakini kanuni hiyo inagusa aina ya fedha, haigusi mkupuo.

Wakazi wa Morogoro wasidhani kwamba haya ni ya Dar es Salaam peke yake. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa inawafikisha abiria wa Dar es Salaam mjini kwetu kwa takriban saa mbili, na tamaa husafiri na abiria. Mji huu una wanafunzi wa SUA, Mzumbe na Chuo Kikuu cha Waislamu, wengi wao wakipanga vyumba mitaani. Tukiiga sharti la Masaki huku Kihonda na Bigwa, tutakuwa tumewakamua watoto wa masikini. Wazee wa Uluguru walikuwa na desturi ya ngoto: mgeni aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alitoa malipo ya kuutambua ukoo ule, kisha akaachiwa alime. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na mgeni naye alikuwa na heshima yake.

Nawe kijana, usijifanye mdhulumiwa tupu. Nani amekulazimisha bwawa la kuogelea? Maji ya bwawa hilo yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru, ambako mama yako bado anajitwika ndoo. Anayekopa kwa riba ili aonekane ameukimbia umasikini, ameurudia kwa mlango wa nyuma.

Basi tuanze na sisi wenyewe. Misikiti yenye nyumba za wakfu ipokee kodi kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu, na iwe ya kwanza kurudisha fedha ya miezi isiyokaliwa. Mwenye nyumba Muislamu aige. Dalali ataje ujira wake kabla ya kumtembeza mteja. Mpangaji achague nyumba ya kipato chake, si ya macho ya watu. Sharti liliwekwa na watu, na watu wanaweza kuliondoa.

Wabillahi tawfiq.