KIPIMO KIWE KIMOJA KWA WOTE

Pishi ya sokoni haimjui tajiri wala maskini. Mwenye noti mpya na mwenye sarafu chache hupimiwa mchele kwa chombo kile kile. Siku muuzaji atakapoweka pishi mbili, moja ya wenye nacho na nyingine ya wanyonge, siku hiyo soko limekufa, hata kama watu wataendelea kununua.

Twaanza na neno hili kwa sababu yako malalamiko juu ya kanuni inayoweka ukomo wa ukubwa wa roboti katika mashindano ya wanafunzi. Wapo wanaosema kuwa kanuni hiyo inabana ubunifu wa vijana. Kwamba mwanafunzi aachwe ajenge kitu kikubwa kadiri ya uwezo wake. Maneno hayo ni matamu masikioni. Lakini tukiyapima vema tutaona kwamba yamebeba jambo ambalo wasemaji wenyewe huenda hawakulikusudia.

Tuutazame mfano mmoja ulio wazi. Shirika la FIRST, lililoasisiwa nchini Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, huendesha mashindano ya ngazi mbalimbali. Katika ngazi iitwayo FIRST Tech Challenge, ambayo ni ya vijana wa umri wa kati ya miaka 12 na 18, roboti inapoanza mchezo haina ruhusa kuzidi inchi 18 kwa urefu, inchi 18 kwa upana na inchi 18 kwa kimo. Wakaguzi huwa na sanduku la kupimia. Roboti hutiwa ndani yake, nayo yapasa iingie yenyewe, bila kusukumwa na bila kuzibana kuta za sanduku. Ikiingia, imepita. Isipoingia, haichezi mpaka irekebishwe.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni uwanja wenyewe. Uwanja wa mchezo huo ni mraba wenye upande wa futi 12, yaani mita 3.66 hivi, na ndani yake huingia roboti nne kwa wakati mmoja, mbili kila upande. Kwa kipimo cha sasa, roboti zote nne zikiwa zimesimama mwanzoni huchukua kama sehemu moja tu kati ya 16 za uwanja. Lau kila moja ingekuwa na upande wa mita moja, zingechukua karibu asilimia 30. Hapo pasingekuwa na mchezo tena, bali msongamano wa vyuma, na mshindi angekuwa yule aliyeziba njia za wenzake.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni haki. Roboti kubwa hutaka chuma kingi, mota nyingi, betri nzito, karakana pana na gari la kuisafirishia. Vitu hivyo havitoki katika akili ya mwanafunzi; vinatoka katika mfuko wa mzazi au wa mfadhili. Ukiondoa ukomo wa ukubwa, hukuufungua ubunifu, umefungua pochi. Shule yenye fedha itajenga mnara, na shule isiyo nayo itabaki kutazama. Halafu tutaambiwa kwamba mshindi amepatikana kwa akili! Akili ni mali, wahenga wamenena, lakini mali si akili.

Aidha, si kweli kwamba sanduku la inchi 18 linaua ubunifu. Kanuni hiyo hupima roboti inapoanza. Mchezo ukishaanza, huweza kujikunjua. Basi vijana wamejifunza kukunja mikono ya mashine kama mwamvuli, kupanga reli zinazoteleza moja ndani ya nyingine, na kutumia springi, kamba na mipira ya kuvuta ili kitu kilichokaa ndani ya sanduku kifikie mahali pa juu mara mbili ya kimo chake. Hayo yasingefikiriwa na mtu aliyeruhusiwa tangu mwanzo kuja na mlingoti mrefu. Na hata kujikunjua huko kunaweza kuwekewa mpaka: katika msimu wa 2024 hadi 2025, roboti ilitakiwa isitanuke kupita inchi 20 kwa 42 ikitazamwa kutoka juu. Vijana hawakususa. Walichora upya.

Anayedhani kuwa ukubwa ndio nguvu na autazame mchezo wa panya wa mashine, ambao mashindano yake yalitangazwa Marekani mwaka 1977 na fainali zake kufanyika New York mwaka 1979. Katika kanuni zinazotumika sana, panya huyo haruhusiwi kuzidi sentimita 25 kwa urefu na upana, naye hutafuta mwenyewe njia ya kufika katikati ya maabara ya vyumba 16 kwa 16. Wajenzi waligundua kwamba kadiri panya anavyokuwa mdogo ndivyo anavyoweza kukata kona kwa mshazari na kuokoa muda. Hapo mdogo hakuonewa huruma. Alishinda kwa udogo wake.

Hata hivyo, tusijidanganye. Ukomo wa ukubwa peke yake hauleti usawa. Ndani ya sanduku lile lile mwenye fedha aweza kujaza mota za bei kubwa. Ndiyo maana mashindano tuliyoyataja huweka pia ukomo wa mota nane na betri kuu moja ya volti 12. Wanaotunga kanuni za mashindano ya shule katika mikoa yetu na wazingatie hilo: ukubwa, mota na betri viende pamoja, na kanuni zitangazwe mapema.

Liko pia jambo la vipimo. Inchi 18 ni sentimita 45.72. Mwanafunzi mwenye rula ya sentimita akikadiria 46, amekwisha kutoka nje ya sanduku, na safari nzima imeharibika kwa upana wa kamba ya kiatu. Dawa yake ni nyepesi: fundi seremala wa mtaani aweza kuitengenezea kila shule sanduku lake la mbao kwa gharama ndogo, na mwalimu akawaamuru vijana wajenge kwa sentimita 45 kamili.

Na je, ikiwa timu ya kijijini imesafiri usiku kucha, ikafika, na roboti yake ikazidi kwa nusu sentimita? Hapa ndipo moyo wa mkaguzi hujaribiwa. Wako watakaosema, "Waacheni, ni kidogo tu." Sisi twasema hapana. Wapewe msumeno, tupa na muda wa kutosha, kisha wapimwe tena; lakini wasipewe msamaha. Kwani msamaha wa leo kwa mnyonge ndio mlango wa kesho kwa mwenye nguvu, na yeye hataomba nusu sentimita, ataomba mita. Mnyonge hana kinga nyingine ila kanuni isiyopinda.

Vijana wanaojenga roboti leo ndio watakaojenga madaraja, mitambo ya maji na mashine za viwanda vyetu kesho. Huko nako watakuta mipaka: ya chuma, ya fedha, ya ardhi. Basi na wazoee tangu sasa kufanya makubwa ndani ya kipimo, na wajue kwamba kipimo hicho ni kimoja kwao na kwa wenzao. Waandaaji na washike sanduku lao kwa mkono usiotetemeka.