Ukiambiwa 2,000 zinamtosha mzee, piga hesabu

Vijana wengi wa Maseno tumeenda Kisumu mjini na Nairobi kusaka kazi. Nyumbani wamebaki nyanya na babu, wengine bado wanalea wajukuu.

Tunapenda kusema sisi Waislamu hatutupi wazee. Sawa, Surat Al-Israa aya ya 23 iko wazi. Lakini Kifungu cha 57 cha Katiba pia kiko wazi: mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, akitunzwa na familia NA serikali. Hiyo ya serikali ndiyo hatuidai.

Inua Jamii inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70. Gawa kwa siku 30, haifiki hata 67. Toa unga, toa boda ya kwenda hospitali. Dawa ya presha utanunua na nini?

Na hizo kidogo huzipati bila kitambulisho. Waulize Wanubi wa Kibos, waliohojiwa na kamati za uhakiki miaka na miaka kama wageni. Aliyenyimwa kitambulisho akiwa kijana amezeeka bila hicho kitambulisho, na kwenye orodha ya wazee hayupo.

Zaka itasaidia, ndiyo, ila serikali isijifiche nyuma ya sadaka zetu.

Ijumaa hii ukitoka msikitini, pitia mzee jirani. Muulize: kitambulisho unacho? Umesajiliwa? Pesa ya mwisho iliingia lini? Andika majibu, mfikishe kwa chifu. Mkizungushwa, tuandikie hapa inboksi.